Neno "Dowry" na Mahari Yetu

Wasikilizaji wetu, yako maneno ya kigeni yaliyoingia katika kazi zetu kimya kimya, wala watu hawaulizi yametoka wapi. Neno tutakalolizungumza leo ni moja katika hayo. Ni neno la Kiingereza, "dowry", ambalo kila kijana aliyesoma madarasa machache hudhani kuwa alijua. Ukimwuliza maana yake atajibu mara moja: ni mahari. Karani wa mahakama huliandika hivyo, mwandishi wa gazeti huliandika hivyo, na sheria zenyewe za nchi zetu zimeliandika hivyo. Walakini Mwingereza wa kwao akilisikia neno lile lile hufahamu jambo lililo kinyume kabisa. Kwake yeye "dowry" ni mali anayotoka nayo bibi arusi nyumbani kwa baba yake kwenda kwa mumewe. Sisi twasema ng'ombe wamekwenda kwa baba wa binti. Yeye afahamu kwamba ng'ombe wametoka kwa baba wa binti.

Yamkini mtu atasema kuwa hayo ni mambo ya walimu, watu wapendao kugombana juu ya maneno. Sivyo. Siku ya arusi hapana aulizaye mali ile ni ya nani, maana wote wamefurahi. Siku ya talaka au ya msiba ndipo swali lizukapo, nalo huulizwa mbele ya mtu mwenye kalamu na daftari. Neno atakaloliandika mtu huyo laweza kumpa mali mume, au baba mkwe, au mwanamke mwenyewe. Nasi tumeona kwamba katika watu hao watatu, mwanamke ndiye asahaulikaye upesi.

Basi tuanze na asili ya neno. Warumi wa kale waliita "dos" ile mali ambayo baba alimpa binti yake akiolewa, ili isaidie gharama za nyumba mpya. Neno hilo lilipita katika Kifaransa, likafika Uingereza kwa lugha ya Wanormani walioishinda nchi ile mwaka 1066, na huko likazaa ndugu wawili, "dowry" na "dower". Ndugu hawa wafanana kwa uso, lakini tabia zao ni mbali mbali. "Dowry" ni mali itokayo kwa wazazi wa mke. "Dower" ni fungu la mjane: mume akifa, sheria ya zamani ya Uingereza ilimpa mkewe theluthi moja ya ardhi ya mumewe, aitumie maisha yake yote. Ya kwanza humsindikiza bibi arusi mlangoni. Ya pili humngoja mpaka siku ya matanga.

Tena jambo la ajabu ni kwamba "dowry", ijapokuwa ilitolewa kwa ajili ya binti, haikukaa mikononi mwake. Kwa sheria ya zamani ya Waingereza, mwanamke akiisha kuolewa, fedha zake na vyombo vyake vilikuwa vya mumewe. Matajiri walikuwa na njia ya kuandika hati na kuweka mali ya binti chini ya wadhamini, lakini mtoto wa maskini hakuwa na hati wala mdhamini. Hata mwaka 1882 ndipo Bunge la Uingereza lilipotoa sheria kubwa ya kumpa mke haki ya kushika mali yake mwenyewe. Fikirini basi: mwanamke wa Kiislamu wa Unguja mwaka 1880, kwa sheria ya dini yake, alikuwa mwenye mali yake kuliko mke wa mfanya biashara wa London. Jambo hili halisemwi sana katika vitabu vya shule. Na ile "dower" ya wajane nayo iliondolewa kabisa katika Uingereza kwa sheria ya mwaka 1925.

Mfano mkubwa wa "dowry" ya namna ya Kiulaya uko karibu nasi kuliko tudhanivyo. Mwaka 1661 Waingereza na Wareno walipatana ya kwamba Mfalme Charles wa Pili amwoe Catherine wa Braganza, binti wa kifalme wa Ureno, na arusi ikafanyika mwaka uliofuata. Pamoja na bibi arusi Wareno waliahidi fedha nyingi sana, ambazo hazikulipwa zote kwa wakati, na bandari mbili: Tangier katika Moroko, na Bombay katika Uhindi. Wakati huo Wareno walikuwa bado wameshika Ngome ya Yesu huko Mombasa, wala hawakutolewa humo na Waarabu wa Oman mpaka mwaka 1698. Lau wangalipenda kutoa bandari nyingine badala ya Bombay, historia ya pwani yetu ingalikwenda njia gani! Mfalme Charles hakuiona Bombay kuwa na faida. Mwaka 1668 aliwapangisha Kampuni ya Uhindi ya Mashariki kwa kodi ya paundi 10 kwa mwaka. Hiyo ndiyo iliyokuwa mahari, kama tungetaka kulitumia neno letu. Lakini mtoaji ni upande wa mwanamke, na mpokeaji ni bwana arusi.

Twaitaja Bombay kwa sababu nyingine pia. Waingereza walipoweka mahakama ya balozi wao Unguja katika karne ya 19, mahakama ile ilisimamiwa na Mahakama Kuu ya Bombay, na sheria zilizotumika zilikuwa za Kihindi. Sheria hizo zilivuka baadaye mpaka nchi ambayo sasa ni Kenya, na baada ya vita vya 1914 hata 1918 zikaja Tanganyika. Moja yao ilikuwa Sheria ya Ushahidi ya Uhindi ya mwaka 1872. Tuikumbuke, maana tutakutana nayo tena.

Sasa neno hili liligeukaje likatazama nyuma? Sisi twadhani sababu moja kubwa imo katika Biblia ya Kiingereza iliyochapwa mwaka 1611. Shekemu mwana wa Hamori alipomtaka Dina, binti wa Yakobo, aliwaambia baba yake na ndugu zake waongeze mahari kadiri wapendavyo, naye atatoa. Mfalme Sauli alipomwozesha Daudi binti yake Mikali, alisema hataki mahari ya mali, ila ushahidi wa Wafilisti mia waliouawa. Na katika kitabu cha Kutoka, mtu aliyempotosha mwanamwali asiyeposwa ametozwa mahari. Mahali pote hapo patatu Kiebrania chasema "mohar", nalo ni ndugu wa damu wa neno la Kiarabu "mahr", ambalo ndilo mahari yetu. Mahali pote patatu wafasiri wa Kiingereza waliandika "dowry". Wale walikuwa mabingwa wa Kiebrania. Lakini katika nchi yao hapakuwa na desturi ya mume kumlipa baba mkwe, na mahali pasipo na desturi hapana jina. Walichukua neno la karibu, wakalivika mgeni.

Basi kijana wa shule ya misioni aliyejifunza Kiingereza kwa kuisoma Biblia ile aliona "dowry" ikitoka kwa mwoaji kwenda kwa baba wa binti, kama kwao nyumbani, wala hakuona la kushangaza. Wajerumani wangaliweza kutuepusha na shida hii, maana lugha yao ina maneno matatu yaliyotengana wazi: "Mitgift" kwa mali itokayo kwa wazazi wa mke, "Brautpreis" kwa malipo yaendayo kwao, na "Morgengabe" kwa zawadi ambayo mume humpa mke mwenyewe. Wamisionari wao walijenga Kisarawe mwaka 1892 na Maneromango mwaka 1895, wakakaa katikati ya Wazaramo. Lakini utawala wao ulikwisha, na maneno yao yakaenda nao.

Kabla hatujaiacha Biblia, twataka kumtaja mwanamke. Yakobo alimtumikia mjomba wake Labani miaka 7 kwa ajili ya Raheli, akapewa Lea, akatumika miaka 7 mingine. Watu husimulia habari hii kwa kuusifu uvumilivu wa Yakobo, au kwa kuucheka ujanja wa Labani. Ni wachache wakumbukao yale waliyoyasema Lea na Raheli mbele ya mume wao walipotaka kuondoka. Walinung'unika kwamba baba yao amewahesabu kuwa wageni, kwamba amewauza, na fedha yao ameila yote. Hawakusema fedha ya Yakobo, wala fedha ya Labani. Walisema ni yao. Kazi ya miaka 14 ilikuwa imefanywa kwa ajili yao, nao hawakupata hata mbuzi mmoja.

Hapo twafika kwenye neno la pili, mahari, nasi hatuna budi kusema kweli: kosa si la Kiingereza peke yake. Mahari katika sheria ya Kiislamu ni mali ambayo mume humpa mke, mke mwenyewe, wala si baba yake. Kurani yenyewe hailitumii neno "mahr". Hutumia maneno mengine, na katika aya ya 4 ya sura ya An-Nisaa yaamrisha wanawake wapewe haki yao hiyo iwe tunu, na kwamba hailiwi ila kwa ridhaa yao. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya watu wa pwani yetu, hapana kiwango cha chini, na hadithi mashuhuri yataja hata pete ya chuma. Mke akiachwa kabla mume hajamwingilia, na mahari imekwisha kutajwa, hustahili nusu. Tena mahari yaweza kulipwa papo hapo, au sehemu yake ikawekwa kuwa deni mpaka talaka au mauti. Majaji wa Kiingereza katika Uhindi walipoona kuwa mwanamke wa Kiislamu hudai deni lile mara nyingi mumewe anapokufa, walikumbuka fungu la mjane wa kwao, wakaliita "dower". Vitabu vya sheria vya Uhindi vimeshika neno hilo hata leo.

Hivyo mahari ya kadhi katika Kiingereza ni "dower", na mahari ya Shekemu ni "dowry", na ile ya Catherine ni "dowry" pia, ijapokuwa ilikwenda kinyume. Nasi Waswahili tulifanya lile lile walilofanya wafasiri wa Biblia. Tulilitwaa neno la Kiarabu, jina la mali ya bibi arusi, tukasafiri nalo bara, na kila mahali tulipoona ng'ombe, mbuzi au majembe yakipelekwa kwa baba wa binti, tukasema: hii ndiyo mahari yao. Wenyewe walikuwa na majina yao. Wakikuyu husema "ruracio", Waganda "omutwalo". Kila jina lina maana yake na taratibu zake. Sisi tulizifunika zote kwa kitambaa kimoja cha pwani, ndipo Kiingereza kikaja kufunika juu yake kitambaa cha pili.

Hebu tutazame jambo hili katika mahali pamoja, tusipotee katika nchi nyingi. Tuchukue Mbwawa, upande wa Kibaha na Kisarawe, katika nchi ya Wazaramo. Wazaramo kwa asili ni katika makabila ya mashariki ya Tanzania yanayohesabu ukoo kwa upande wa mama, kama Waluguru, Wakwere na Wakaguru. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana neno kubwa katika kumwoza mpwa wake. Tena wengi wao ni Waislamu tangu zamani, na nchi yao imekaa mlangoni pa Dar es Salaam na Bagamoyo, hata desturi za Waswahili wa pwani zimeingia katika nyumba zao. Basi mwoaji akituma mshenga kwa wazazi wa binti, jibu analoletewa si kiasi kimoja cha fedha. Iko mahari ya sheria, itakayotajwa mbele ya shehe wakati wa kufunga ndoa. Uko mkaja wa mama, kwa ajili ya kiuno chake kilichochoka kwa kuzaa. Uko ubeleko, kwa nguo aliyombebea mwanawe mgongoni. Kiko kilemba cha baba. Na mjomba hawezi kupitwa, maana kumpita yeye ni kuukata mti upande wa mizizi.

Desturi za zawadi hizi za pwani ziliandikwa mapema na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili, katika kitabu "Desturi za Wasuaheli" kilichotolewa na Dakta Carl Velten mwaka 1903. Mtoro alitenga kila zawadi na jina lake na mwenyewe. (Yeye mwenyewe alimwoa bibi wa Kijerumani mwaka 1904, na mwaka uliofuata serikali ya koloni ikakataa wasije kukaa pamoja katika nchi yake, lakini hiyo ni habari ya jioni nyingine.) Mtu aliyezisikia hesabu zile kwa Kiswahili chake hawezi kuchanganya mkaja na mahari. Mkaja ni wa mama. Ukimpa binti umekosa adabu. Mahari ni ya binti. Akiichukua baba amekula haki ya mtu.

Sasa tuseme, kwa mfano tu, ya kwamba binti mmoja wa Mbwawa ameolewa kwa taratibu hiyo, na baada ya miaka kadha ameachwa. Mshenga aliandika vyote katika karatasi moja, akajumlisha chini, akaandika: mahari, jumla kadha wa kadha. Katika jumla ile, sehemu ya binti ilikuwa deni lisilolipwa. Mkaja, ubeleko, kilemba na fungu la mjomba vilikwisha kulipwa siku nyingi. Mwanamke adai chake. Mume ajibu: mimi nilikwisha kulipa mahari, mashahidi wapo. Naye hasemi uongo, ikiwa mahari ni jumla ile. Na hasemi kweli, ikiwa mahari ni ile ya sheria. Na ikiwa daftari litatafsiriwa kwa Kiingereza kuwa "dowry", msomaji wa mbali aweza kudhani kuwa ni mali ya wazazi wa mke waliyompa mume, na kwamba mwanamke huyu adai sahani na magodoro aliyokuja nayo. Watu watatu wamesoma karatasi moja, kila mmoja ameona mali nyingine.

Kwa watu wahesabuo ukoo kwa mama, neno la bei halina hata pa kusimama. Katika makabila mengi yanayohesabu ukoo kwa baba, mali itolewayo huwafanya watoto kuwa wa ukoo wa mume. Kwa Wazaramo wa zamani, mwoaji alitoa alichotoa, na watoto wakabaki wa ukoo wa mama yao. Basi amenunua nini? Walakini neno la bei ndilo lililotawala vichwa vya mahakimu wa kikoloni, na hukumu yake moja imebaki mashuhuri hata leo.

Mwaka 1917, katika nchi ya Kenya, ambayo wakati huo iliitwa Himaya ya Afrika ya Mashariki, mtu mmoja aliyeitwa Amkeyo alishtakiwa kwa kuwa na mali ya wizi. Shahidi mkubwa juu yake alikuwa mwanamke ambaye Amkeyo alisema ni mkewe kwa desturi ya kabila lake. Hapo ndipo ilipoingia ile Sheria ya Ushahidi ya Uhindi, iliyofuata njia ya Bombay. Sheria ile ilikinga maneno ambayo mume na mke huambiana katika ndoa, yasitolewe mahakamani. Swali likawa: je, mwanamke huyu ni mke? Jaji Mkuu, Sir Robert Hamilton, aliamua kwamba siye. Alisema kuwa kuliita jambo lile ndoa ni kulipa jina lisilo lake, na kwamba jina lililo karibu zaidi na kweli ni ununuzi wa mke. Ng'ombe waliopelekwa kwa baba mkwe ndio waliomponza Amkeyo. Kama angalipokea ng'ombe kutoka kwa baba mkwe, kama Charles alivyopokea Bombay, huenda jaji asingalifikiri biashara.

Hukumu ile iliongoza mahakama za Afrika ya Mashariki kwa miaka mingi. Kenya ilijitolea sheria yake ya ushahidi mwaka 1963, ikasema wazi kwamba mume na mke ni pamoja na walioana kwa desturi za kabila. Tanganyika nayo iliiacha ile ya Kihindi mwaka 1967.

Wataalamu nao walikuwa wakibishana. Mwaka 1931 E. E. Evans-Pritchard, aliyekuwa akichunguza Wanuer wa Sudan, aliandika katika jarida la "Man" kwamba neno "bride-price", yaani bei ya bibi arusi, halifai, kwa kuwa lawafanya watu waone soko mahali pasipo soko. Alitaka litumike neno "bridewealth", utajiri wa bibi arusi, na wengi walimfuata. Wengine hawakukubali. Mwaka 1960 Mmarekani Robert Gray, aliyekaa na Wasonjo kaskazini mwa Tanganyika, aliandika kuwa wenzake wameona haya bure. Kwamba kwa Wasonjo mbuzi wanaolipwa kwa mke hufanya kazi inayofanana sana na bei, na si vizuri mtaalamu kuficha jambo kwa sababu jina lake si tamu. Sisi twaona Gray alikuwa na haki ya kusema aliyoyaona kwa Wasonjo. Lakini Sonjo si Mbwawa, na neno litakalowatosha wote wawili ni lazima liwe pana mno, hata lisimfae yeyote.

Sheria zetu za baada ya uhuru zimefanya nini na neno hili? Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilitangaza sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, na katika Kiingereza chake yalitumika maneno ya Evans-Pritchard, "bridewealth". Miaka 8 baadaye Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyo sheria ya nchi nzima, ilirudi kwenye "dowry". Sheria hiyo yasema kwamba ndoa iliyotimiza masharti yake haibatiliki kwa sababu desturi ya "dowry" au ya zawadi haikufuatwa. Hilo ni jambo kubwa na jema: mkwe hawezi tena kusema kuwa binti hajaolewa kwa sababu mbuzi mmoja amebaki. Lakini ndoa kuwa halali ni jambo moja, na mali kuwa ya nani ni jambo jingine.

Wakenya walikwenda mbele zaidi. Katika Sheria yao ya Ndoa ya 2014 waliandika maana ya "dowry" kwa kalamu yao wenyewe, kuwa ni mifugo, vitu, fedha au mali nyingine iliyotolewa au kuahidiwa kwa ajili ya ndoa itakayofungwa, na kwamba kiasi kidogo cha ishara chatosha kuthibitisha ndoa ya mila pale inapotakiwa. Hivyo neno la Waingereza limepewa uraia mpya. Mwanafunzi asiseme tena kwamba Mkenya amekosea Kiingereza. Katika sheria ya nchi yake ndiyo maana yake. Lakini twamwonya asivuke bahari na maana hiyo mfukoni. Uhindi ina sheria yake ya mwaka 1961 inayokataza "dowry" kabisa, nayo ilitungwa hasa kwa sababu ya mali inayodaiwa kwa wazazi wa mke, jambo lililowaletea mabinti wengi mateso na hata kifo. Mtu akisoma sheria hiyo akidhani ni mahari ya Kikwetu, atasema Wahindi wamekataza ng'ombe wa baba mkwe.

Waganda hupenda kusema "bride price", nao walilifikisha neno hilo mbele ya Mahakama ya Juu. Chama kiitwacho Mifumi, chenye asili yake Tororo, kilifungua shauri mwaka 2007 kikitaka desturi hiyo itangazwe kuwa kinyume cha Katiba. Hukumu ya mwisho ilitolewa mwaka 2015. Majaji walio wengi hawakuikataza desturi, wala hawakukubali kwamba kutoa mali hiyo ni kununua mtu. Lakini walikataza mume kurudishiwa ndoa inapovunjika. Walisema kudai marejesho kwamvunjia mwanamke heshima yake, na kwaweza kumfunga katika nyumba ya mateso kwa kuwa jamaa zake hawana cha kurudisha. Tazameni jinsi shauri lilivyogeuka: walianza na jina, wakaishia kwenye mikono. Mali ikirudi kwa mume kutoka kwa baba, aulizwaye ni baba, lakini ahukumiwaye ni binti.

Afrika ya Kusini ilichagua njia ambayo sisi twaipenda kuliko zote. Sheria yao ya mwaka 1998 ya kutambua ndoa za mila, hata katika Kiingereza, haikusema "dowry" wala "bride-price". Ilisema "lobolo", ikaandika pembeni majina ya makabila mengine, kama "bogadi" na "ikhazi", kisha ikaeleza kuwa ni mali ambayo mwoaji au mkuu wa jamaa yake aahidi kumpa mkuu wa jamaa ya mke. Nani atoa, nani apokea, yote yamo katika sentensi moja, na jina limebaki la wenyewe.

Katika darasa letu la walimu wanafunzi tumekuwa tukiwazoeza jambo kama hilo katika insha na tafsiri zao. Mwanafunzi akilikuta neno mahari, huliacha lilivyo hata katika Kiingereza, ila hupaswa kuongeza maneno matatu au manne: mali ya mke, bado deni, au, kwa baba, imelipwa. Mkaja huandikwa mkaja, na kilemba huandikwa kilemba. Wengine hulalamika kwamba kazi inakuwa ndefu. Mmoja wao, kijana wa kutoka upande wa Mlandizi, alikwenda likizo akaiomba karatasi ya arusi ya dada yake aitafsiri kwa zoezi. Alirudi na karatasi yenye jumla moja tu, na shangazi yake alikuwa amekaa naye jioni nzima wakiigawa jumla ile kwa kumbukumbu, shilingi kwa shilingi, mpaka wakalipata fungu la dada. Lilikuwa halijalipwa.